Mwaka Niliojifunza Kufunga Chakula

Jumatatu moja muhula wa pili, binti yangu alirudi kutoka shule na kazi ambayo sikuielewa. Alikuwa gredi ya nne. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba wiki hiyo nzima wasitupe chochote kitakachobaki kwenye chakula chao cha mchana. Karatasi, mifuko, vijiko vya plastiki, maganda, yote wayaweke kando, wayasafishe, na Ijumaa kila mtu alete yake darasani. Nilimuuliza kama wangetengeneza kitu, maana siku hizi sisi wazazi tumezoea kutumwa makopo, maboksi na gundi. Akasema hapana, ni kuangalia tu.

"Kuangalia nini?"

"Kile tunachotupa."

Nikamwambia sawa, nikatundika mfuko wa karatasi kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Sikulifikiria tena jambo lile mpaka Alhamisi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia chakula. Mama yake hufanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, na ili afike zamu ya asubuhi kwa wakati hulazimika kutoka mtaani kwetu Jericho kabla hakujapambazuka vizuri. Mimi nilikuwa nyumbani. Kabla ya hapo niliendesha gari la mkate kwa miaka kumi na mmoja, nikiwapelekea wenye maduka wa Huruma na Kariobangi, na nilijua kila kona ambapo gari haliwezi kugeuka. Halafu asubuhi moja, nikirudi nyuma kwenye uchochoro wa Huruma niliouzoea kama sebule yangu, niliangusha mkokoteni wa machungwa. Mwenyewe alikuwa amesimama kando, hakuumia. Lakini mkokoteni ule sikuuona hata kidogo. Ulikuwa mkubwa, umejaa machungwa, jua linawaka, na kwangu mahali pale palikuwa patupu.

Kazini wakanituma nikapimwe macho. Daktari aliniambia nina presha ya macho, kwamba imekula sehemu za pembeni, na kwamba sehemu hizo hazirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Kuhusu kuendesha gari aliniambia waziwazi: basi. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani nikipanga maneno, na nilipofika nikamwambia mke wangu kwamba daktari amesema nipumzishe macho miezi michache. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Akanipa pole, akaniletea chai, na uongo ule ukakaa nasi kwenye nyumba ya vyumba viwili kama mgeni ambaye hasemi anaondoka lini.

Nikaanza basi kulinda sura ya mambo. Sikutaka mtoto wangu afungue mfuko darasani atoe githeri ya jana, mahindi na maharagwe matupu, watu waseme baba yake hana kazi. Kila asubuhi nilikwenda dukani nikamnunulia pakiti ya krispi, juisi ya boksi yenye mrija wake, keki ndogo iliyofungwa kwenye karatasi inayong'aa na soseji mbili ambazo mwenye kibanda alizizungushia foili kisha akazitia kwenye kikontena cha plastiki na uma wa plastiki. Siku nyingine niliongeza biskuti. Hakuna hata kimoja kilichohitaji nipike. Nilimwona akitoka na begi limevimba na moyo wangu ukatulia.

Alhamisi jioni tuliushusha ule mfuko kutoka kwenye msumari na ulikuwa umejaa pomoni. Tulimwaga vilivyomo kwenye karai tukaviosha kwa sabuni, kimoja kimoja, na kwa vile havikuwa na mahali pa kukauka, tukavibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo nje. Vikontena vinne, uma nne, maboksi ya juisi yaliyobanwa, karatasi za kila rangi zikipepea. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa kutoka magharibi anayeuza mboga za kienyeji sokoni hapo Jericho, alipita na gunia lake tupu begani akasimama.

"Shemeji," akaniambia, "leo mmefua nini?"

Nikacheka pamoja naye. Lakini alipokwenda zake nilibaki nikitazama ile kamba, na sikuipenda.

Ijumaa binti yangu alirudi kimya. Si mtoto wa kununa, kwa hiyo nilimwacha abadilishe sare, anywe maji, na baadaye akaja mwenyewe akakaa kwenye kigoda karibu na mimi. Akanieleza kwamba mwalimu alimwambia kila mmoja apange vyake juu ya dawati. Mwenzake wa dawati moja alikuwa na maganda ya nduma, aina ya magimbi, na kitambaa basi. Vyake yeye vilijaza upande wake vikavuka upande wa mwenzake. Mwalimu hakumsema, aliwaambia tu waangalie. Lakini wakati wa kucheza wenzake walimwambia kwamba kwao wanaishi ndani ya supamaketi.

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka, kusema kweli. Nilitaka waamini kwamba kwetu kumejaa. Sasa walikuwa wameamini, na mtoto wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akivuta uzi wa soksi.

Nilimwambia wasimsumbue, wana wivu. Akatikisa kichwa.

"Baba, yule wa dawati langu mimi huwa nampa krispi, yeye ananipa nduma. Krispi zinaisha haraka. Ikifika saa nane nasikia njaa."

Alisema bila kulaumu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu muhula wa kwanza. Miezi yote hiyo nilikuwa nikinunua krispi za mtoto wa watu, naye baba wa yule mtoto, au mama yake, alikuwa akinilishia wangu.

Jumamosi nilikwenda sokoni nikanunua maharagwe, viazi na nduma. Sikuwa mpishi. Nyumbani kwetu Ukambani nililelewa na dada wanne, na kwenye gari la mkate nilikula mkate. Nilichemsha maharagwe mpaka gesi ikakaribia kuisha, nikayakaanga kwa kitunguu na nyanya, na Jumapili tulipokula mke wangu alinitazama kidogo akasema yana chumvi ya kutosha, maneno ambayo ndani yake mna mengi. Jumatatu nikampakulia mtoto kwenye mkebe wa majarini, mchuzi na kila kitu, nikaufunika, nikausimamisha kwenye begi kati ya vitabu.

Mkebe wa majarini haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Alipofika shule mchuzi ulikuwa umeloanisha kitabu cha hesabu na nusu ya kile cha Kiswahili, na alitumia sweta lake kufuta. Alirudi nyumbani ananuka kitunguu. Nilikaa naye mlangoni tukifungua kitabu ukurasa kwa ukurasa tukiweka vipande vya gazeti katikati, na nikajiambia kwamba kesho narudi kwa mwenye duka. Angalau krispi hazivuji.

Jirani yetu alitukuta hapo. Hakuuliza kilichotokea, alikinusa. Aliweka gunia lake chini, akachukua ule mkebe akautazama ndani.

"Chakula cha kubeba hakipikwi kama cha kulia nyumbani, shemeji," alisema. "Kikaushe."

Akaniambia nije kwake Jumatano akitoka sokoni. Nilikwenda, na sitasema sikuona haya. Nilipita mlango kwa mlango nimebeba sufuria yangu, na wanaume wawili waliokuwa wakicheza drafti kwenye baraza wakakunja miguu kunipisha. Lakini kwake hakukuwa na mzaha. Alinionyesha jinsi ya kupika kamande zikaiva mpaka zishikane, kijiko kikisimama chenyewe. Alinionyesha kukaanga kunde na karanga zilizopondwa mpaka maji yote yaishe. Alinifundisha kwamba chakula hakifunikwi kikiwa moto, kwa sababu kitatoka jasho na kuchacha kabla ya saa sita. Kipoe kwanza, ndipo kifungwe. Mambo hayo yeye aliyajua kama jina lake, naye alishangaa kwamba mtu mzima aweza kufika umri wangu bila kuyajua.

Ni yeye pia aliyenipa habari ya majani ya migomba. Kwao, alisema, mama yake alimfungia chakula cha shule kwenye jani, naye akimaliza kula akalitupia mbuzi. Ndizi zinapoletwa sokoni kwa lori huwa zimefunikwa majani hayo, na wauzaji huyarundika kando yakaoza. Nilikwenda asubuhi iliyofuata nikawaomba. Walidhani nafuga sungura. Nilirudi na majani matano mapana, na jirani akanionyesha kuupunguza uti wa katikati kwa kisu na kulipitisha jani juu ya moto polepole. Linabadilika rangi mbele ya macho yako, linang'aa, linalegea kama kitambaa, na halipasuki tena. Viazi vitamu, nduma, chapati, vyote hukaa ndani yake bila kukauka, na huvipa harufu ambayo sijui niielezeje isipokuwa kusema ni harufu ya mvua ya asubuhi.

Bado kulikuwa na vyakula visivyokaa kwenye jani. Kabatini tulikuwa na bakuli za chuma kisichoshika kutu, zawadi ya harusi, zenye vifuniko vilivyokaa juu tu bila kufunga. Moja ilikuwa ya vifungo vya nguo, nyingine ya risiti za stima. Nilizitoa, nikaziosha, nikazibeba mpaka Kariobangi kwa mafundi wa jua kali. Nilitembea nikishika upande wa ukuta kwa sababu bodaboda kutoka pembeni zilikuwa zikinishtua. Nilipomfikia fundi mmoja niliyekuwa nikimpitia zamani na gari, nilimwambia kwanza anitengenezee mikebe mipya ya bati, hizi bakuli ziwe kipimo tu. Alikataa. Alisema bati lile analotengenezea masanduku lina dawa, halifai kuwekwa chakula cha mtoto, na kwamba mtu yeyote akikubali kunitengenezea nimkimbie. Akazichukua bakuli zangu. Alichomelea ndoano mbili ndogo kwenye kila moja, akakata mipira kutoka kwenye mpira mpya wa mfuniko wa presha-kuka, akaivisha kwenye vifuniko. Kisha akajaza moja maji, akaifunga, akaipindua juu ya viatu vyangu.

"Simama hapo," alisema. "Ukiloa, hunilipi."

Sikuloa.

Kutoka hapo kazi ikaanza kunikubali. Nilikumbuka muthokoi wa nyumbani, mahindi yaliyokobolewa, jinsi mama alivyoupika na ndengu ukakauka vizuri na ukakaa mpaka jioni bila kuharibika. Nilijaribu mara tatu kabla haujatoka kama wake. Nilikuwa na uzoefu wa kupanga mzigo, na bakuli ile haikuwa tofauti sana na gari: kizito chini, kinachoponda kisikae juu ya kinachopondeka, kusiwe na nafasi ya kitu kutembea. Kijiko kilikuwa cha nyumbani, kimefungwa kwenye kitambaa ambacho pia ndicho cha kufutia mikono. Maji kwenye chupa ya chuma. Binti yangu alirudi na bakuli tupu, maganda ya ndizi ndani yake kwa ajili ya sungura wa jirani mwingine, na saa nane, alinihakikishia, alikuwa bado ameshiba.

Mke wangu alitazama haya yote kwa utulivu ambao sikuuelewa. Nilimwandalia na yeye. Hapo awali alinunua chakula kwenye geti la kiwanda, githeri iliyotiwa kwenye karatasi ya nailoni ikafungwa fundo, na mara nyingi aliniambia kwamba karatasi zile ndizo huziba mtaro wa kiwanda mvua ikinyesha, wanavua viatu kuingia kazini. Hata hivyo siku za kwanza bakuli yake aliiacha mezani. Nilidhani anaona aibu kupikiwa na mwanaume. Hilo nililitarajia, maana hata mimi nilikuwa nimeambiwa. Pale kwenye sehemu ya kuosha magari, ambapo madereva wenzangu wa zamani hukutana, mmoja aliniuliza, "Niaje, mama wa nyumba," wakacheka, nami nikacheka, na sikurudi tena.

Lakini haikuwa aibu. Binamu yake alikuwa amenitafutia kazi ya kuendesha basi dogo la shule, na nikasema nitafikiria. Kisha mtu wa kanisani akanitafutia kazi ya kupeleka maji kwa pikapu, nikasema mgongo unauma. Yeye alikuwa akihesabu majibu yangu. Jioni moja alinikuta nikipitisha jani juu ya moto, akasimama mlangoni na mkoba wake bado begani.

"Siku hizi umejificha nyuma ya masufuria," alisema. "Niambie unaogopa nini."

Nilimjibu kwamba siogopi kitu. Akaingia chumbani, na wiki ile tulizungumza habari za nyumba tu: gesi, maji, ada.

Jumamosi iliyofuata hakuwa na zamu. Tulikuwa sote watatu jikoni asubuhi, mahali ambapo hata wawili ni wengi. Binti alikuwa na michezo shuleni, nami nilikuwa nimemaliza kufunga bakuli yake ya muthokoi, nikaiweka upande wangu wa kushoto nikigeukia chupa ya maji. Nilipogeuka tena, kiwiko changu kiliisukuma ikaanguka. Nilikuwa bado sijafunga zile ndoano. Chakula chote kikamwagika sakafuni, mahindi yakateleza mpaka chini ya kabati.

Mke wangu alianza kusema kitu kuhusu kuharakisha. Binti yangu alikuwa tayari amepiga magoti anaokota.

"Si kuharakisha, Mami," alisema bila kuinua kichwa. "Baba haoni upande huo. Mimi humwekea vitu mbele."

Hakujua kwamba ni siri. Kwake lilikuwa jambo la kawaida la nyumbani, kama kwamba bomba la nje hufungwa kwa nguvu. Ndipo nikakumbuka jinsi kikombe changu kilivyokuwa kila mara mbele yangu kabisa, jinsi viatu vilivyokuwa havikai tena njiani, jinsi alivyozoea kutembea mkono wangu wa kushoto tukivuka barabara. Nilidhani ni mapenzi ya mtoto kwa baba yake. Yalikuwa mapenzi, lakini pia alikuwa ananiongoza.

Mke wangu alizima jiko. Akamwambia mtoto akaombe kiazi kitamu kwa jirani, kisha akakaa kwenye kigoda, akaniashiria nikae kwenye kile kingine. Nilimwambia yote. Nilimwambia daktari alisema nini hasa siku ile ya kwanza. Nilimwambia kwamba matone yaliisha na sikununua mengine, na kwamba nimeruka kliniki mara mbili, kwa sababu kila nikienda pale nasikia tena lile neno moja, basi. Nilitegemea akasirike kwa sababu ya uongo, na nadhani alikasirika, kwa sababu hakunitazama mimi, alitazama mahindi sakafuni.

"Ungeniambia," alisema mwishowe, "tungekuwa wawili."

Halafu akauliza kadi ya kliniki iko wapi. Ilikuwa chini ya godoro. Akaisoma pande zote mbili, akaniambia Alhamisi naenda.

Hakuweza kuomba ruhusa wiki ile, kwa hiyo ilibidi niende peke yangu. Alhamisi alfajiri niliamshwa na sauti ya bakuli zangu zikiguswa na mikono ya mtu mwingine. Nilibaki kitandani nikisikiliza. Binti alikuwa ameamka pia na alikuwa anamwelekeza mama yake: asifunike sasa, kipoe kwanza, chumvi aifunge kando. Mke wangu alimjibu kwamba yeye alikuwa akipika kabla mwalimu wake hajazaliwa. Wakacheka kwa sauti ya chini wasiniamshe.

Kliniki ya macho ya umma ni kazi ya siku nzima. Unapanga foleni ya kadi, ya kupimwa, ya matone ya kupanua mboni, halafu unakaa kwenye benchi ukisubiri, na kila kitu kinakuwa ukungu. Saa saba hivi watu wakaanza kutoka kwenda kutafuta chakula, wakirudi na chipsi kwenye karatasi na soda. Mimi niliogopa kutoka kwa sababu ya yale matone. Nikaweka bakuli mapajani nikaifungua kwa vidole. Ndani kulikuwa na jani, na ndani ya jani chapati mbili zilizokunjwa mara nne, bado laini. Kando yake ndengu zilizokaushwa sawasawa kabisa, mayai mawili ya kuchemsha, na chumvi kwenye kipande cha bahasha ya kaki kilichosokotwa vizuri. Nilivigusa vyote kabla sijala. Miezi yote ile nilikuwa nimefunga chakula cha watu na sikujua upande wa pili ukoje, kukaa mbali na nyumbani mahali usipopapenda, ufungue kitu ukute mtu amekufikiria mpaka kwenye chumvi.

Mama mmoja aliyekuwa amemleta mumewe alikuwa ameketi karibu nami. Aliuliza nani amenifungia chakula kizuri hivyo.

"Mke wangu," nilisema, na nilisikia sauti yangu ikijivuna kidogo.

Nikawakatia chapati moja, nikawapa yai. Mumewe hakuwa amekula tangu walipotoka Machakos usiku, na alikula mpaka chembe ya mwisho, kisha akaniambia kwa Kikamba kwamba Mungu ambariki aliyepika. Maganda ya mayai tuliyarudisha kwenye jani, jani kwenye bakuli, na benchi likabaki kama tulivyolikuta.

Daktari wa siku hiyo alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotegemea. Alipima presha mara mbili. Alinigombeza kwa upole kwa ajili ya kliniki nilizoruka, akasema kuna kidogo kimepotea tangu mara ya mwisho, lakini si kingi, na kwamba nikitia matone kila siku bila kukosa nina nafasi nzuri ya kubaki na haya niliyonayo mpaka uzeeni. Hakusema neno basi. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani anayeweza kunikumbusha. Nikamwambia wapo wawili, na mdogo ni mkali zaidi.

Wiki mbili baadaye nilifanya kitu ambacho kiburi kilikuwa kimenizuia. Nilikwenda kule kwenye kampuni ya mkate, nikamwomba msimamizi wangu wa zamani kazi isiyo ya usukani. Sikumficha chochote. Alifikiri, akasema kwenye stoo wana shida ya mtu anayejua magari hupangwaje, kreti zipi zitangulie kulingana na njia, maana vijana wanapakia ovyo na mikate inafika imebanwa. Alinichukua kwa majaribio mwezi mmoja. Nilianza Jumatatu, nikiwa na bakuli yangu mkononi, na mpaka leo niko pale. Kreti nazijua kwa mikono, na vijana wamejifunza kuniita kabla ya kunipita upande wa kushoto.

Kwa hiyo siku hizi tunatoka nyumbani na bakuli tatu. Anayewahi kuamka ndiye anayefunga, na mara nyingi bado ni mimi, ingawa mke wangu hunishinda kwa chapati. Yapo majuma ambayo mambo hukataa: gesi inaisha, mtu ana homa, tunanunua chochote getini kama watu wengine na kurudi na karatasi zake. Binti yangu, aliye gredi ya sita sasa, hatusemi. Anasema tu kesho tuamke mapema.

Jioni tunaosha bakuli kwenye karai moja, na hapo ndipo habari za siku hutolewa. Nani alionja nini cha nani, nani alibaki na njaa. Wiki iliyopita mke wangu alisema kwamba wanawake watatu wa kwenye laini yake ya kufunga sabuni wameanza kuja na vyakula vyao, lakini wote wanalalamika kwamba muthokoi wao unachacha kabla ya saa saba. Wamemwuliza siri yake. Nikamwambia hakuna siri, wanaufunika ukiwa moto. Waje Jumamosi niwaonyeshe.

Wamesema watakuja na mahindi yao.